Verlyn Hasemi Baridi

Asubuhi ya Safari ya Pai, upepo ulivuma kutoka magharibi kana kwamba kuna mtu ameutuma na kuulipa nauli. Theluji haikuwa ikianguka, ilikuwa ikipita tu. Ilipita kwa ubavu mbele ya dirisha la jikoni la Ardis Kvamme ikielekea Wisconsin, kama vile Minnesota haikuwa na kitu cha kuisimamisha.

Ardis alishika kikombe cha kahawa mkono mmoja na simu mkono wa pili. Kwenye kundi la waendesha baiskeli wa mji mdogo wa Torvik, Duane Pribyl, tarishi mstaafu, alikuwa ameandika kwamba leo kuna kaupepo. LaVonne Stensrud, aliyewapikia watoto wa shule ya Torvik mpaka watoto hao wakaota mvi, alijibu kwamba yeye ameshaona upepo mbaya kuliko huu. Wengine wakaandika kwamba hata wao wameuona. Kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake aseme tuahirishe, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa ndiye huyo mwenzake, safari ikawa ipo.

Ardis akatabasamu ndani ya kikombe. Alikuwa akiuomba upepo huo tangu Jumatatu, tena kimoyomoyo, maana kuuomba kwa sauti kungemfanya aone haya mbele ya Mungu.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Majira ya baridi yaliyopita Ardis alitoka kumwaga takataka, akateleza mlangoni pake mwenyewe, akavunjika mkono. Mkono ulipona, lakini moyo haukupona. Juu ya baiskeli hakuogopa kitu, kwa kuwa matairi yake manene yalikuwa na vijino vya chuma. Miguu yake ndiyo isiyokuwa navyo. Kila alipofungua mlango na kuona barafu inang'aa kwenye ngazi, alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili na kusimama pale kama mtu aliyesahau anakokwenda.

Dada yake Delpha aliishi Arizona, katika nyumba ya magurudumu, na nyumba ya jirani yake ilikuwa tupu ikingoja watu. Kila wiki Delpha alituma picha ya mchungwa uliokuwa uani kwake. Hakuandika neno, picha tu ya mchungwa.

Siku ya Shukrani, mwezi wa kumi na moja, Ardis alimwuliza mumewe Verlyn kama wangeweza kwenda kwa Delpha kukaa mpaka theluji iyeyuke. Verlyn, mtu mpana kama kabati, aliyefanya kazi kwenye maghala ya nafaka maisha yake yote, aliendelea kumkata bata mzinga. "La, asante," alisema. "Tuko sawa hapa." Krismasi akamwuliza tena. "La," alisema Verlyn. "Tunajiweza."

Basi Ardis akakasirika. Mwezi wa kwanza, Verlyn alipoingia ndani kutoka kuzoa theluji, masharubu yamejaa vipande vya barafu vinavyogongana kama shanga, Ardis alimwuliza kama anasikia baridi. Verlyn akasema baridi ya wapi. Ndipo Ardis akamwekea dau. Siku ya Safari ya Pai, kutoka mlango wa nyumba yao mpaka mlango wa kanisa la Dovre, kijiji cha jirani, Verlyn akilalamika baridi kwa neno au kwa ishara, wanafunga masanduku. Asipolalamika, Ardis hatalitaja tena jina la Arizona mpaka wazikwe. Wakapeana mikono kama watu waliouziana trekta.

Kwa hiyo ndiyo maana alitabasamu ndani ya kikombe.

Walikutana mbele ya benki, watu kama kumi hivi, wamejiziba nyuso hata huwezi kumjua mtu ila kwa rangi ya kofia yake. LaVonne alivaa ya zambarau iliyofumwa na mjukuu, yenye shimo la sikio moja tu. Duane alikuwa na ile ya posta ambayo hakuirudisha. Wote walisemezana kwamba hali ya hewa si mbaya, kisha wakageuza baiskeli kuelekea magharibi, wakaukabili upepo uso kwa uso. Ndio utaratibu wao: kwenda unateseka, kurudi unasukumwa, na katikati kuna pai katika ukumbi ulio chini ya kanisa la Dovre.

Verlyn akatangulia kwa sababu ya upana wake. Ardis akaingia nyuma yake upesi, kabla mtu mwingine hajapaona.

Sasa, katika kundi lile kuna adabu ambayo haikuandikwa mahali popote. Wanakwenda kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, na aliye mbele ndiye anayepigwa na upepo kwa niaba ya wote. Yeye haombi kupumzishwa. Anayempumzisha ni yule wa pili: anatoka kwenye mstari, anasogea ubavuni, anamwuliza nikupokee, kisha anachukua nafasi yake mbele. Wa tatu hawezi kumpita wa pili, maana itakuwa kama kusema wa pili hana nguvu, na neno kama hilo Torvik hukumbukwa hadi siku ya mazishi yako.

Kwa hiyo Ardis alikuwa ameshika usukani wa kundi zima kwa kutofanya kitu. Alikaa tu nyuma ya mgongo wa mumewe, mahali penye utulivu kama sebuleni, akasikiliza. Tena pale palikuwa pazuri kwa kusikiliza, kwa kuwa upepo ulilichukua kila neno la Verlyn na kumletea yeye. Ya nyuma hayakwenda mbele, lakini ya mbele yote yalikuja nyuma.

Walipopita shamba la Bakke, Verlyn alisema, "Loo." Ardis akanyoosha shingo. Ikafuata, "Ng'ombe wa Bakke wamenenepa." Ardis akairudisha shingo.

Mahali ambapo uzio wa kuzuia theluji uliishia, upepo ulikuja na nguvu mpya, ukaibeba theluji ya mashamba ya mahindi na kuimwaga barabarani. Magurudumu yakazama, yakatoka, yakazama. Verlyn akaguna. Ardis alijiuliza kama kuguna ni neno. Kisha Verlyn akautoa mkono mmoja kwenye usukani, akauficha kwapani, akaendesha kwa mkono mmoja kama kijana anayejionyesha kwa wasichana. Baada ya muda akabadilisha mkono. Je, mkono kwapani ni ishara? Ardis alilipima jambo hilo kwa haki kabisa, akaona kwamba mtu ana ruhusa ya kuweka mkono wake popote anapotaka kwenye mwili wake mwenyewe. Lakini alianza kujisikia vibaya, na kujisikia vibaya hakukuwa kwenye mpango.

Hapo kofia ya zambarau ikatokea ubavuni pake. LaVonne alikuwa ametoka kwenye mstari na kuja sambamba naye, akihema kama birika.

"Kitendawili," LaVonne alisema.

LaVonne alikuwa na tabia hiyo. Alitega vitendawili jikoni, kanisani, hata kwa daktari wa meno akiwa na chuma mdomoni. Hukuweza kumkatalia, ungekuwa unajichelewesha tu.

"Tega," Ardis alisema.

"Nina ukuta wangu, una miguu, tena unapumua."

Ardis alilijua jibu vizuri sana. Akajifanya anaangalia barabara.

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Dovre."

"Dovre nimekwenda, nimekula pai zenu zote, nikamkuta mumeo amegandia mlangoni watu wanatundika makoti juu yake. Jibu ni Verlyn." LaVonne akamsogelea zaidi. "Sijui mna nini nyumbani, mama, wala siulizi. Lakini kule nyuma tunakutazama. Duane ameanza kusali kwa Kicheki cha bibi yake."

Akarudi nyuma. Ardis akautazama mgongo wa mumewe. Theluji ilikuwa imejijenga mabegani mwake kama inavyojijenga juu ya paa la gari lililoachwa, na gurudumu lake la mbele lilianza kuyumba, kushoto, kulia, kushoto. Akamwonea huruma. Arizona ni Arizona, lakini huyu ni Verlyn.

Akatoka kwenye mstari, upepo ukampiga kofi, akasogea ubavuni.

"Nikupokee?"

"La," alisema Verlyn ndani ya skafu yake. "Niko sawa."

Ardis akarudi nyuma. Walikwenda hivyo mpaka kwenye maghala ya chuma ya ndugu wawili wasiosemezana. Gurudumu liliyumba zaidi. Akatoka tena.

"Verlyn, nikupokee?"

"La, asante. Najiweza."

Basi ajiweze. Ardis alirudi mahali pake akiwa amenuna, akasema moyoni kwamba mtu akitaka kuwa sanamu ya barafu ni haki yake. Kofia ya zambarau ikaja tena, na safari hii ile ya posta ilikuwa nyuma yake.

"Amekataa," Ardis aliwaambia kabla hawajauliza.

"Mara ngapi?" LaVonne aliuliza.

"Mara mbili."

LaVonne alimtazama kama alivyokuwa akimtazama mtoto anayekula supu kwa uma. "Ardis, wewe umezaliwa wapi?"

"Wewe nawe. Si unajua nimezaliwa Torvik."

"Na mtu wa Torvik akikataa mara mbili, amesema nini?"

Ardis akafungua mdomo, theluji ikaingia, akaufunga.

Hili hakuna mtu wa pale anayelielezea, maana ni kama kueleza namna ya kupumua. Ukimkaribisha mtu wa Torvik biskuti, atasema la. Ukimkaribisha tena, atasema la, asante, nimeshiba, ingawa tumbo lake linanguruma hata paka wako anaondoka chumbani. Ukimkaribisha mara ya tatu, ataichukua, na kama kuna nyingine ataichukua pia. Ya kwanza anakuonyesha kwamba hana tamaa. Ya pili anakupa nafasi ya kujiokoa kama biskuti zako ni chache. Ya tatu ndipo anapojibu swali. Duane alisema hapohapo kwamba baba yake mdogo alizama ziwani mpaka kiunoni akakataa kamba mara mbili.

"Nilidhani mume na mke hawahesabiani," Ardis alisema.

"Mume na mke ndio zaidi," LaVonne alisema. "Mwulize tena."

Ardis akatoka kwenye mstari mara ya tatu. "Nikupo..." alisema, na kabla neno halijaisha Verlyn alikuwa ameshapunguza mwendo, ameshapita ubavuni pake, ameshajibanza nyuma yake. "Haya basi," alisikia, "kama umependa," na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye baridi anayeshushwa kwenye beseni la maji ya vuguvugu.

Sasa Ardis alikuwa mbele. Upepo haukuwa upepo tena, ulikuwa mtu, mtu mnene asiye na adabu anayekuzuia mlangoni. Ulimpekua mifukoni. Ulimwingia kwenye mshono wa glavu na kumtoa machozi yaliyoganda kabla hayajafika shavuni. Alizungusha miguu, akazungusha, na nguzo ya umeme aliyokuwa akiifuata ilikaa palepale ikimtazama. Akashangaa jinsi Verlyn alivyovumilia hapa muda wote ule bila kusema kitu ila habari za ng'ombe. La, niko sawa. La, asante, najiweza.

Hapo baiskeli ya Ardis nusura iingie mtaroni.

La, asante, tuko sawa hapa: Siku ya Shukrani. La, tunajiweza: Krismasi. Mara ya kwanza, mara ya pili. Na mara ya tatu yeye, Ardis, mzaliwa wa Torvik, binti wa mama aliyemkaribisha mchungaji kahawa mara tatu hata siku mchungaji alipokuja amebeba kahawa yake, hakuuliza. Alikasirika, akaweka dau. Na mtu aliyewekewa dau mbele ya uso wake atafanya nini? Si atalishinda tu? Maskini Verlyn alikuwa akijitesa tangu mlangoni kwao ili ashinde kitu ambacho huenda hakukitaka.

Huenda. Hakuwa na hakika. Pengine alikataa kwa kukataa kweli, maana wapo pia watu wa namna hiyo.

Kisha akaona, mbele, katikati ya weupe ule, kitu kirefu chembamba. Kilitoweka, kikarudi. Ulikuwa mnara wa kanisa la Dovre. Na kwenye mlango wa kanisa la Dovre mdomo wake ulikuwa unafungwa kwa habari ya Arizona mpaka kaburini, kwa mkono wake mwenyewe aliompa Verlyn jikoni. Kama ni kuuliza, ni sasa, barabarani. Kusimama asingeweza, maana kwenye theluji ile ukisimama hata hayo matairi manene hayaondoki tena, na wale wa nyuma wangepandiana kama kondoo kwenye geti.

Basi alijaza kifua. Hakugeuza kichwa, akaupigia kelele upepo, nao ukaichukua sauti yake na kuipeleka nyuma kwa uaminifu, kwa Verlyn, kwa LaVonne, kwa Duane, kwa kila kofia iliyokuwa kwenye mstari, na labda mpaka Torvik.

"Verlyn, twende kwa Delpha?"

Akasubiri. Alisikia upepo. Alisikia mnyororo wake. Alikuwa amesahau jambo moja: ya mbele yote yanakwenda nyuma, lakini ya nyuma hayaji mbele. Kama Verlyn alijibu, jibu lake lilikuwa limeshampita LaVonne na sasa liko kwa Duane.

Akageuza kichwa kidogo, kiasi cha kutoanguka. Verlyn alikuwa ni miwani na skafu tu, uso wake haukusema kitu. LaVonne alikuwa ameinamia usukani, mabega yakitikisika. Alikuwa analia au anacheka, au ni kikohozi. Duane aliinua mkono, na Ardis hakujua kama anampongeza au anaishika kofia isipeperuke. Kule mwisho wa mstari mtu alipiga kengele ya baiskeli, kitu pekee kilichoweza kuupenya upepo. Wote waliopanda baiskeli siku ile walilijua jibu la mumewe isipokuwa yeye aliyeuliza.

Akauliza tena, akapata kengele mbili.

Mnara ukawa kanisa, kanisa likawa na madirisha, madirisha yakawa na akina mama wanaopunga mikono. Wakashuka. Kati ya mahali pa kuegesha baiskeli na mlango palikuwa na uwanja wa barafu uliofagiliwa na upepo ukang'aa kama sahani. Ardis akasimama pembeni mwake, mikono ikitafuta fremu ya mlango ambayo haikuwapo. Kisha kiwiko kikubwa kikajitokeza mbele yake. Akakishika. Verlyn alimvusha polepole, hatua za bata. Mlangoni Ardis akasimama. Mguu mmoja ulikuwa bado nje, aliuacha huko kwa makusudi.

"Ulinijibu nini?"

Verlyn akasema kitu. Kilikuwa kama sauti ya mtu anayeongea ndani ya mto wa kulalia. Akauonyesha mdomo wake kwa kidole: pumzi yake ya safari nzima ilikuwa imeganda, ndevu na skafu vimekuwa kitu kimoja, na katikati yake mdomo umefungwa kama mlango wa duka siku ya Jumapili. Akatikisa kichwa, lakini kichwa na mabega vilikuwa vimeshikana, ikawa huwezi kujua ametikisa juu na chini au kulia na kushoto. Watu walikuwa wakisukuma nyuma yao. Mguu wa Ardis ukaingia ndani pamoja na mwili wake wote, na dau likaisha.

Walimketisha Verlyn karibu na jiko la ukumbi, kidevu kikielekezwa kwenye joto, maji yakimtiririkia kifuani. Ardis akakaa mkabala naye akimtazama kama mtu anayengoja chungu kichemke. Hakuweza tena kuuliza. Ahadi ni ahadi. Wengine walijaza sahani zao, wakaja kukaa meza hiyohiyo ingawa ukumbi ulikuwa na meza nyingi, na wote wakaanza kuzungumza kwa bidii juu ya bei ya mbolea. Kuingilia mambo ya mume na mke si adabu. Kukaa karibu ili uyasikie hakukatazwi.

LaVonne ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Aliweka uma chini.

"Kitendawili."

"Tega," Ardis alisema haraka.

"Kimeletwa na upepo, tumekipata sote, kasoro aliyekiagiza."

"Hicho nakijua. Ni jibu la Verlyn. Lakini linasema nini?"

"Kumbe hujamaliza. Nipe mji."

"Dovre."

"Dovre nipo. Nipe mji wa maana."

Meza yote iliacha habari za mbolea. Ardis alifikiri. Alikuwa ameahidi kutotaja Arizona, na alikuwa mtu wa ahadi, lakini hakuna aliyesema neno lolote juu ya miji yake.

"Phoenix," alisema.

"Phoenix nimekwenda," LaVonne alisema, akajifuta mdomo taratibu, "nikavua koti, nikavua na sweta. Nikala machungwa mpaka nikachoka. Nikabisha hodi kwenye nyumba ya magurudumu ili nipumzike, nikakuta wameshaingia wazee wawili wa Torvik. Mmoja mpana."

"Ulimsikiaje, na mdomo umeganda?"

"Miaka yote ile ya kulisha watoto wa shule, nishindwe kumwelewa mtu mwenye mdomo uliojaa?"

Kipande kikubwa cha barafu kikaanguka kutoka kwenye ndevu za Verlyn, kikapiga sahani. Skafu ikaachia. Verlyn akaufungua mdomo, akaufunga, akaujaribu tena kama mtu anayejaribu bawaba.

"Nilisema twende," alisema. "Kama haitakuwa usumbufu kwa Delpha."

Ardis hakumrukia wala hakulia, watu walikuwa wanatazama. Alisema sawa basi, akatoa simu yake mfukoni, akaanza kumwandikia dada yake hapohapo kabla pai haijaliwa, vidole bado vigumu, akikosea kila herufi ya pili.

"Ungeniambia tu, mzee," alisema bila kuinua macho.

"Hukuuliza."

"Na dau umelishinda."

"Nimelishinda," Verlyn alikubali. Akaangalia juu ya ngazi, kwenye mlango wa kanisa uliokuwa umefungwa nyuma yao, akaangalia saa ya ukutani, akamwangalia mkewe. "Kwa hiyo limeisha."

"Limeisha."

"Sasa naweza kusema."

"Sema, baba."

Basi Verlyn akavuta pumzi, akaanza. Alisema tangu kwa Bakke hajui kama ana vidole vya miguu au ameviacha barabarani vikiwa na ng'ombe. Alisema masikio yake yalikuwa yanauma, kisha yakaacha kuuma, na hapo ndipo alipoogopa. Alisema kuhusu magoti. Mama mmoja akamletea pai ya tufaha, akaila, akaendelea. Alipomaliza ya leo alihamia majira ya baridi yaliyopita, na yale ya kabla yake, na ile asubuhi trekta lilipokataa kuwaka, na ile harusi ya binamu yake ambapo viatu viliganda kwenye sakafu ya kanisa, na watu wa meza ile walipovaa makoti yao kuondoka yeye alikuwa bado anarudi nyuma, amefika mwaka aliooa. Ardis alikuwa amemsogezea kahawa, amekiegemea kiwiko chake kikubwa, anasikiliza.